Dola 5,000 kwa kila kitu: kisa cha mtayarishaji wa Goma na picha zake

Barua pepe ilifika katikati ya Juni 2021, wiki chache baada ya volkeno ya Nyiragongo kumwaga lava jioni ya tarehe 22 Mei na lava hiyo kuishia Buhene, ukingoni mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Kampuni ya filamu ya Ulaya ilikuwa inaandaa dokumentari ya dakika 52 kuhusu mji unaoishi chini ya volkeno. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mama mmoja, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, mwenye picha za video za zamani za mitaa iliyopitiwa na lava ya 2002. Walimtajia dola 5,000 kwa picha zote alizonazo, na dola 120 kwa siku kama angekubali kuwa fiksa wao, yaani kutafuta gari, ruhusa na watu wa kuongea mbele ya kamera.

Studioni na mtaani wanamwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, nami nitamwita hivyo. Alianza kazi mwaka 2006, mwaka wa uchaguzi, wakati wanasiasa wengi walitaka kituo chao cha redio na televisheni. Alianza kwa kushika mikro, akahamia montaji, yaani kukata na kuunga picha, kisha akapewa kipindi chake cha kila wiki, dakika 26, kuhusu maisha ya mitaa: maji, vyoo, kodi za soko, mafundi wa chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo), ndugu wanaogombea kiwanja. Miaka 15 baadaye kipindi kilikuwa bado hewani, mshahara ulikuwa bado unachelewa, na barua hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia kwamba picha alizopiga zina bei.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu kimezunguka Goma kama uvumi. Wengine wanasema aliibiwa na wazungu. Wengine wanasema alijifanya mkubwa, akakataa pesa. Nilikuwa karibu, nilisoma karatasi, na naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zinadhani ugomvi ulikuwa wa bei.

Ukurasa wa tatu

Mkataba ulikuwa na kurasa sita, na uzito wote ulikuwa katika sentensi moja ya ukurasa wa tatu. Yaya anahamisha haki zote za picha, kwa dunia nzima, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyokuja kugunduliwa, kwa muda wote sheria inapolinda kazi hiyo, na haruhusiwi kumpa mtu mwingine. Maana yake nyumbani ni hii: akitaka siku moja kutia sekunde kumi za picha hizo katika filamu yake mwenyewe, aombe ruhusa Ulaya.

Watu wa fani hapa wakisikia hivyo wanawaka. Ila sentensi ile ni ya kawaida kabisa katika biashara yao. Anayeuza filamu kwa televisheni kubwa lazima aonyeshe kwa karatasi nani alikuwa mwenye kila picha na namna haki ilivyopita mkono hadi mkono mpaka ikamfikia. Bila mfululizo huo wa karatasi televisheni hainunui na kampuni ya bima haimsikilizi. Kwa hiyo mwanasheria wao huomba vyote, maana kuomba vyote ni kazi ndogo kuliko kuhesabu sekunde. Sikuwaona kama wezi. Walikuwa wavivu wa kuhesabu, na gharama ya uvivu wao ilikuwa imwangukie Yaya.

Sheria ya Kongo kuhusu hakimiliki ni ya tarehe 5 Aprili 1986, nambari 86-033. Iliandikwa wakati kasete ya video ndiyo ilikuwa kitu kipya, na hakuna aliyewaza kwamba filamu itatazamwa kwenye simu ndani ya basi. Hata hivyo inagawa jambo sawasawa: kuna haki ya heshima, kwamba kazi ni yako na jina lako litajwe, ambayo haiuziki, na kuna haki ya kutumia na kupata pesa, ambayo inaweza kuuzwa kwa maandishi. Mkataba wa kampuni ulikuwa unanunua hii ya pili yote, na kuhusu ile ya kwanza uliahidi jina lake kwenye orodha ya shukrani mwishoni, pale ambapo mtazamaji ameshaanza kutafuta rimoti.

Dola 5,000 si pesa ya kudharau. Kwa nyumba aliyokuwa anapanga, ilikuwa kodi ya zaidi ya miaka mitatu. Yeyote anayesema alipaswa kukataa papo hapo, aseme pia nani angelipa shule ya watoto mwezi wa tisa.

Marundo matatu

Kabla ya kujibu chochote nilimuuliza: hizo picha ziko wapi? Ilimchukua wiki nzima kupata jibu, na jibu hilo ndilo lililoamua yaliyofuata.

Rundo la kwanza lilikuwa kasete za MiniDV za 2006 hadi 2012, kwenye kabati la kituo. Kwa hesabu ya vipindi zingepita 200. Alikuta 61. Nyingine zilirekodiwa tena juu yake, mara mbili, mara tatu, kwa sababu kasete zililetwa kutoka Kampala kwa pesa za mfukoni na kipindi cha wiki ijayo hakingoji. Asicheke mtu. BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ili itumie tepu tena, na haikuwa inanunua tepu kwa pesa iliyobaki baada ya kulipa motari, dereva wa pikipiki.

Kasete moja hubeba saa moja, na kuihamisha kwenye kompyuta huchukua saa moja kamili na kula karibu gigabaiti 13. Shida ya siku hizi ni vyombo: kamera ambayo kichwa chake bado kinasoma MiniDV bila kuikwaruza, na kompyuta yenye tundu la FireWire. Kamera ilipatikana kwa fundi wa mtaa wa Birere aliyekuwa ameihifadhi kwa ajili ya vipuri. Umeme ukikatika dakika ya 40, unarudi mwanzo.

Rundo la pili halikuwa kwake kabisa. Kati ya 2013 na 2019 alifanya mfululizo baada ya mfululizo kwa mashirika ya misaada: kipindupindu, lishe ya watoto, baadaye Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018. Kila mkataba ulisema kwamba kila kinachotengenezwa kwa pesa ya mradi ni mali ya shirika. Alikabidhi vipindi na picha mbichi, zile mafundi wa montaji wanaziita rashi, kisha akafuta diski ili aanze mradi mwingine, kwa kuwa diski mpya haikuwa kwenye bajeti.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana hapa ndipo televisheni yetu inapokula watu wake. Kituo binafsi cha Goma hakiishi kwa matangazo ya biashara. Kinauza saa. Shirika, chama, kanisa au mfanyabiashara analipia dakika 26, na mtayarishaji anaishi kwa kinachobaki baada ya kituo kuchukua chake. Mwandishi wa habari asiyelipwa anasubiri bahasha ya mwenye tukio, ile tunayoiita kupaji, na kila mtu anajua. Kwa mpangilio huo mtayarishaji mwenye bidii anaweza kufanya kazi miaka 15 bila kukosa wiki, ajulikane mpaka mji jirani wa Sake, na siku ya kuhesabu akute kila picha aliyopiga imelipwa na mtu mwingine na iko nyumbani kwa mtu mwingine. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Wakistaafu hubaki na medali ya semina na picha ya pamoja na gavana.

Rundo la tatu lilikuwa diski moja nyumbani, ya terabaiti 2. Mwaka 2017 Yaya alijinunulia kamera, na kila alipokuwa na siku tupu alikwenda kupiga bila kutumwa. Hakujua kwa ajili ya nini. Mumewe alikuwa anamuuliza nani analipa mafuta.

Kilichokuwa ndani ya kasete ya 2007

Wakati wa kuhamisha kasete ilitokea moja yenye familia ya Majengo, mtaa wa Goma. Baba anavunja mawe ya lava kwa nyundo, mama anapanga mbao za ukuta. Miaka mitano kabla, tarehe 17 Januari 2002, lava ilikuwa imekata mji katikati, ikazika kanisa kuu na sehemu ya njia ya ndege, na watu wakarudi kujenga juu ya jiwe ambalo lilikuwa halijapoa vizuri. Mbao hutumika kwa sababu ardhi ile haichimbiki. Ndiyo maana choo ni habari kubwa Goma.

Yaya akaitambua sura ya yule mama. Alikuwa amempiga picha tena mwaka 2018, Buhene, bila kukumbuka kwamba ni yuleyule. Familia ilikuwa imeuza Majengo na kununua Buhene kwa kuwa viwanja vilikuwa nafuu, karibu zaidi na mlima. Baba alikuwa amefariki. Na Mei 2021 nyumba ya Buhene ililiwa pia.

Sasa tazama mkononi mwa Yaya kulikuwa na nini. Kampuni ya Ulaya ilidhani inanunua picha za moto na moshi, ambazo Mei 2021 kila mwenye simu alikuwa nazo. Yaya alikuwa na mtu mmoja aliyepigwa picha mara mbili, na kisa cha miaka 14, akijenga, akihama, akipoteza. Kitu kama hicho hakipatikani kwa kutuma timu wiki mbili, hata ikija na kamera ya bei ya nyumba. Kinapatikana kwa mtu aliyebaki mjini na kuendelea kurudi mlangoni pa watu, na kazi ya kipindi cha kila wiki, pamoja na umaskini wake wote, ndiyo iliyomlazimisha kurudi. Ninapoulizwa na vijana mtaji wa mtayarishaji wa televisheni ni nini, siwatajii kamera. Ni kule kurudi, na kushika ushahidi kwamba ulirudi. Yaya alikuwa amefanya la kwanza vizuri mno na la pili vibaya mno.

Alikwenda kumtafuta yule mama, akamkuta kwa ndugu, kijiji cha Kibati. Mazungumzo nimeyasikia kwenye rekodi, na hayakuwa ya kupendezana.

"Yaya, hii picha itaenda fasi gani? Ile mwaka ulisemaka ni ya hapa Goma tu."

"Itaenda na kule kwa wazungu, mama."

"Na siye tutapata nini mule?"

Swali hilo linawatesa watu wa dokumentari dunia nzima. Shule nyingi zinafundisha kwamba humlipi mtu unayempiga picha, kwa kuwa ukimlipa ataanza kusema unachotaka kusikia. Mjini petu, ambapo tangu wakimbizi wa Rwanda wa 1994 kamera imekuwa ikifika pamoja na gari la msaada, fundisho hilo linasikika kama utani: mpiga picha analipwa, dereva analipwa, mwenye hoteli analipwa, na mwenye msiba peke yake ndiye anayetakiwa kuwa safi. Yaya alikubaliana naye hivi: hakuna malipo ya kuongea, na akitaka kunyamaza anyamaze, lakini baada ya kupiga, filamu itachangia mabati ya nyumba. Mabati yaliandikwa kwenye bajeti kwa jina lake, mabati, yasifichwe kwenye usafiri. Hapo namsifu. Nimeona bajeti ambazo ukizisoma unadhani timu ilizunguka Kivu yote kwa helikopta, kumbe ni pesa za watu zilizoaibika kutajwa.

Tuliyoyaandika, na waliyoyajibu

Jibu letu lilikuwa fupi. Hatuuzi, tunakodisha. Kampuni ichague dakika inazotaka, ilipe dola 600 kwa dakika, izitumie kwa miaka mitano kwenye televisheni za Ulaya, na Yaya abaki huru kuzitumia popote. Jina lake liwe mwanzoni, mtayarishaji-mwenza. Siku za ufiksa zilipwe kando. Na picha mbichi zote ambazo timu yao itapiga Goma, nakala ibaki Goma.

Hilo la mwisho liliwashangaza kuliko bei. Halikutoka hewani. Mwaka 2020 Mholanzi Joris Postema alitoa dokumentari iliyopigwa Goma, Stop Filming Us, inayouliza kama mtu kutoka Ulaya anaweza kuupiga picha mji huu bila kuurudisha kwenye vita na njaa tu. Mijadala ikawa mikali, na picha mbichi za filamu ile zikaishia mikononi mwa wenyeji: Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakazikata upya pamoja na za kwao, na 2022 ikatoka Stop Filming Us But Listen. Mji uleule, kwa sehemu picha zilezile, filamu nyingine. Sisi tulipoandika barua, filamu ya pili ilikuwa haijatoka, lakini mjadala ulikuwa bado moto, na kila mtu wa fani alikuwa ameelewa kwamba aliye na picha mbichi ndiye aliye na neno la mwisho.

Kampuni ilikubali kukodi. Dakika tano za mwanzo zilishuka hadi nne. Jina la mtayarishaji-mwenza walilikataa, wakatoa "mtayarishaji wa Goma", tukakubaliana baada ya wiki mbili za barua. Nakala ya picha mbichi waliahidi. Iliyofika mwishowe, kwenye diski iliyoletwa na mpiga picha wao, ilikuwa sehemu tu ya siku walizopiga. Kisha mwanasheria akauliza swali ambalo tulijua linakuja: kasete zilitoka kabati la nani?

Mzee wa kituo

Mwenye kituo, ambaye hapa kila mtu anamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, hakuwa na habari ya kasete hizo kwa miaka. Aliposikia neno dola alikumbuka zote 61. Yaya alikwenda kumwona ofisini, na alifanya vizuri kumpeleka shemeji yake mzee, mtu wa kanisa, awe shahidi.

"Mutoto yangu," mzee alisema, "miye njo nilikupatiaka kamera. Bila miye ungefilmaka na nini?"

"Mzee, kamera ilikuwa yako, siwezi kukatala. Lakini transport, na zile miezi bila mushahara, na zile masaa ya usiku ku-montaji, njo nani alilipaka?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna karatasi iliyosema nani zaidi. Yaya hakuwahi kuwa na mkataba wa kazi wa maandishi. Angeweza kusema kwamba yeye ndiye mwandishi wa kazi ile. Mzee angeweza kusema kwamba kabati, kasete na kamera ni zake. Kesi mahakamani ingekula dola 2,400 zote kabla ya kusikilizwa mara ya kwanza. Wakaandikiana ukurasa mmoja: kituo kinamtambua Yaya kuwa mwenye haki ya kazi, kasete zinahamia kwake, na kituo kinapata asilimia 30 ya pesa itakayotokana na picha hizo.

Shirika mojawapo la rundo la pili lilijibu baada ya miezi minne kwamba linaruhusu matumizi "yasiyo ya biashara". Mengine hayakujibu; mradi ukifungwa, ofisi nayo inafungwa, na anayejua nenosiri la diski amehamishiwa nchi nyingine. Kwa hiyo miaka sita ya kazi yake bora, kwa ubora wa picha namaanisha, haikuingia kokote.

Hesabu ya mwisho: dakika nne, dola 2,400, toa 720 za mzee. Ongeza siku za ufiksa. Kwa pesa taslimu alipata pungufu ya zile 5,000 za mwanzo, na wanaosema alipoteza wanasimama hapo. Mimi naendelea kuhesabu: diski zote zilibaki kwake, kasete 61 zikawa zake kwa maandishi kwa mara ya kwanza tangu 2006, jina lake likasomwa mwanzoni mwa filamu, na yule mama wa Buhene akabaki katika filamu ambayo Yaya bado hajaitengeneza.

Filamu yake

Hiyo filamu ndiyo sehemu ngumu. Vijana humtaja Dieudo Hamadi wa Kisangani, ambaye En route pour le milliard iliingia orodha rasmi ya Cannes 2020, na hudhani njia ni kupata kamera nzuri. Hamadi hushika kamera mwenyewe na hukaa na watu kwa muda mrefu. Katika Maman Colonelle ya 2017 anaanzia Bukavu, siku afisa wa polisi anapohamishwa, na kumfuata mpaka Kisangani. Muda kama huo mtayarishaji wa kipindi cha kila wiki hana. Yaya anayo miaka. Anachokosa ni miezi.

Alipeleka maombi kwenye mifuko miwili, IDFA Bertha Fund ya Amsterdam na mfuko wa picha wa Francophonie. Karatasi zao zinafanana: muhtasari, tamko la mwongozaji, dakika chache za mfano, bajeti, na uthibitisho kwamba haki ziko mikononi mwa anayeomba. Hili la mwisho lisingewezekana kabla ya ule ukurasa mmoja wa PDG. Alikataliwa kote kuwili. Nimesoma maombi ya kwanza na nadhani walikuwa sahihi: yaliandikwa kama ripoti ya mradi, yenye "walengwa" na "matokeo yanayotarajiwa". Miaka ya kuandikia mashirika inaharibu mkono. Mtu anaacha kuandika anachokiona na kuanza kuandika kinachotarajiwa. Maombi ya tatu yaliandikwa upya kutoka kwenye rekodi za sauti, kwa maneno yake mwenyewe, na yakampatia nafasi kwenye warsha. Pesa hakuna, ila mfanya montaji mzuri wa kumkosoa alipatikana huko, na hilo si dogo.

Kuhusu Januari 2025 nitasema kwa ufupi. Waasi wa M23 walipoingia Goma, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Nakala moja ya picha zake ilikuwa nyumbani na nyingine alikuwa ameivusha ziwa mapema kwenda kwa jamaa Bukavu, kwa akili kwamba miji miwili haianguki pamoja. Bukavu nayo ikaangukia mikono ileile katikati ya Februari. Hakuna diski iliyopotea. Nakala ya tatu sasa iko nje ya Kivu, na imewekwa huko kwa vipande vidogo, maana intaneti ya Goma haibebi terabaiti.

Kuna kasete moja ya Novemba 2012, wakati M23 walipouteka mji mara ya kwanza, yenye kijana anayeongea waziwazi juu ya wenye silaha waliokuwa mtaani kwao. Aliongea kwa ajili ya kipindi cha Goma, kilichoonyeshwa mara moja. Hajulikani aliko. Mwanasheria yeyote atasema ruhusa ya mdomo ilitolewa. Yaya ameitoa kasete hiyo kwenye orodha na hataki hata ihesabiwe. Namuunga mkono bila swali.

Ambacho simuungi mkono ni ile asilimia 30. Alitia sahihi siku hiyohiyo, mbele ya shemeji, kabla ya kunionyesha, na ukurasa hauna mwisho wa muda. Unasema "pesa itakayotokana na picha hizo", bila kutenganisha picha zilizokodiwa kwa kampuni na picha zitakazotiwa katika filamu yake mwenyewe. Kwa maana hiyo kila mfuko utakaotoa pesa kwa filamu ile unaweza kudaiwa theluthi kasoro kidogo, na hakuna mfuko utakaokubali. Mzee alistahili kulipwa. Kamera za 2006 zilikuwa zake kweli. Lakini alistahili kiasi kinachojulikana na tarehe ya kuisha.

Yaya amempelekea pendekezo: dola 800 mara moja, na jina la kituo mwanzoni mwa filamu. PDG anasema atasaini akishaona filamu, ajue thamani yake. Filamu haiwezi kukatwa bila kasete za 2007, na mfuko hautatoa pesa ya kukata mpaka mzee asaini. Shemeji ameombwa arudi tena ofisini.